Hotuba ya Mratibu Mkuu Siku ya Kuzielewa Nyumba za Moduli, Olmotonyi Juu

Ndugu wananchi, kabla sijaingia kwenye hotuba yenyewe, natangaza rasmi, kwa mamlaka niliyonayo na mbele yenu nyote mlioketi na mliosimama, kwamba chupa ya maji iliyowekwa juu ya meza hii imefunguliwa, na imefunguliwa na mimi mwenyewe. (Makofi. Mwenyekiti wa Kitongoji, Mzee Yoeli, aliwahimiza waliochelewa kupiga.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kitongoji. Waheshimiwa wajumbe wa mwenyekiti. Mheshimiwa mwakilishi wa yule mwakilishi aliyepaswa kuja. Mchungaji wetu, na Mchungaji mwingine ninayemwona kule nyuma. Malaigwanani, wazee wa mila, kila mmoja kwa rika lake. Kamati ya Maandalizi, Kamati ya Mapokezi na Kamati Ndogo ya Viti. Afisa Kumbukumbu wetu, Bi Faudhia, anayeandika kila ninalosema. Dereva wangu Najim, aliyelipandisha gari mpaka hapa kwa gia namba moja. Wanahabari, ambao nimehakikishiwa wako njiani tangu jana. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Na kama kuna mtu itifaki haijamfikia, basi imfikie huko huko aliko. (Makofi.)

Takwenya! (Mheshimiwa alikuwa amewageukia wazee wa kiume wa mstari wa mbele. Hiyo ni salamu ya kuwaamkia wanawake. Wazee walitazama fimbo zao. Akina mama waliitikia "Iko!" kwa niaba yao.) Ahsanteni sana. Nimefarijika kuona wazee wetu ni watu wa kutafakari kabla ya kujibu.

Mimi, Romanus, Mratibu Mkuu wa Mpango Jumuishi wa Nyumba za Moduli, kwa kifupi MPANYUMO, nimesimama mbele yenu kuzungumzia jambo moja tu, ambalo lina sehemu kumi na moja. Jambo lenyewe ni hili: mwananchi wa Terrat, mwananchi wa Makumira, mwananchi wa hapa Olmotonyi, na kwa ujumla wake mwananchi yeyote anayeuona mlima huu asubuhi wakati wingu halijaufunika, anapaswa kuielewa nyumba ya moduli kabla ya kuinunua, kabla ya kuijenga na kabla hata ya kuitamani, kwa sababu utafiti tulioufanya kisayansi umebaini kwamba asilimia tisini na nne ya watu wanaotamani kitu huwa bado hawajakipata. (Makofi machache. Mtu mmoja alisema, "Hiyo kweli.")

Sasa nyumba ya moduli ni nini? Nashukuru sana kwa swali hilo. (Hakuna aliyeuliza.) Nyumba ya moduli, ndugu zangu, kwa lugha nyepesi ambayo hata mimi naielewa, ni nyumba inayojengwa mahali ambapo haipo, halafu inapelekwa mahali ambapo itakuwepo, yaani vipande vyake, ukuta huu, ukuta ule, paa, mlango, vinatengenezwa kiwandani, chini ya paa, pasipo mvua wala jirani wa kukosoa, kila kipande kinapewa namba yake, vinapakiwa kwenye lori, vinafika kwenye kiwanja kilichokwisha kuandaliwa, na hapo vinaunganishwa kwa kufuata namba, kwa muda mfupi sana, na watu wanaojua wanachofanya. Msiichanganye na kontena. Kontena ni kontena. Nimewaona watu kule mjini wametoboa dirisha kwenye kontena, wakatundika pazia, wakaanza kualika wageni wakisema wanaishi kisasa. Huo siyo uelewa. Hilo ni joto.

Sisi huku, na nasema bila kupepesa macho, tumezoea kujenga kwa staili ya kungoja. Mwaka huu msingi. Mwaka wa tatu kuta. Mwaka wa sita magugu yameota sebuleni, mbuzi amezalia chumba cha wageni, na ukimuuliza mwenye nyumba anakwambia yuko kwenye finishing. (Kicheko. Mtu aliitwa kwa jina na akainama.) MPANYUMO imekuja kukomesha hali hiyo, kwa awamu.

Na hatukuja mikono mitupu. Tumekuja na mfano hai. Yuko wapi mama yetu Nosim? Mama Nosim asimame tumwone. (Alikuwa amesimama tangu mwanzo. Kiti chake kilikuwa jukwaani, kimekaliwa na mkoba wa Mheshimiwa.) Huyu mama, ndugu wananchi, ni mjane, ni bibi wa wajukuu wawili, na ni mnufaika namba moja wa Mpango huu. Wiki tano zilizopita alipokea barua yetu ya kumwelekeza aondoe nyumba yake ya mabanzi ndani ya siku kumi na nne ili kupisha ufungaji wa nyumba ya moduli. Siku kumi na nne! Mama huyu kaiondoa kwa siku tatu! Makofi kwa Mama Nosim! (Makofi.) Hiyo ndiyo kasi tunayoitaka. Kama kila mwananchi wa ukanda huu angebomoa kwa kasi ya Mama Nosim, ndani ya mwezi mmoja mlima huu usingekuwa na nyumba hata moja, na tungekuwa tumevuka lengo.

(Nosim: "Mheshimiwa, mimi sina maneno mengi. Nalala kwenye banda la ndama la shemeji yangu Loishiye, mimi na wajukuu. Ndama tumemtoa nje. Lile banda halina ukuta upande wa mlimani, na masika ndiyo hiyo tunaiona inashuka. Nyumba inakuja lini?")

Ni swali zuri sana, mama yangu, na kwa uzuri wake sitaliharibu kwa kulijibu haraka haraka. Niseme tu kwamba swali la "lini" ni swali la ratiba, na ratiba ni zao la mpango kazi, na mpango kazi unatokana na vipaumbele, na vipaumbele huibuliwa na wadau, na mdau wa kwanza ni wewe mwenyewe, mama. Kwa hiyo ukitazama kwa jicho la kitaalamu utagundua kwamba swali hilo tulipaswa kukuuliza sisi. (Jirani yake, Mama Naisiae, alimvuta kitenge: "Nosim, ngoja amalize. Labda iko kurasa za nyuma.")

Naendelea. Jambo la kwanza la kuelewa kabla ya kununua ni ardhi. Jiulize: je, ninacho kiwanja? Kama huna, usinunue nyumba, maana utaishikilia mkononi. Jambo la pili ni udongo. Udongo wa Meru ni mwekundu chini, mweusi juu, na katikati una mawe ambayo hakuna anayejua yalifikaje. Mtaalamu lazima aupime. Jambo la tatu, ambalo wengi hulisahau, ni njia. Nyumba inakuja kwa lori. Je, barabara yenu inapitisha nyumba? Mimi sipendi kusema jambo nisilolifanyia utafiti, kwa hiyo leo nimeipima barabara yenu mwenyewe, kwa kupita nayo, na ripoti ni kwamba gari langu limepita, likigusa migomba upande mmoja na ukingo upande wa pili. Maana yake nyumba yoyote isiyozidi ukubwa wa gari langu itafika hapa salama salimini.

(Loishiye, ambaye ni fundi seremala: "Nyumba ya ukubwa wa gari lako, Mheshimiwa, hata ndama wangu hatageuka humo." Kicheko. Mzee Yoeli alinyoosha kidole kuomba utulivu.)

Nakushukuru kwa mchango huo, fundi. Umeingizwa kwenye kumbukumbu kama maoni ya wadau.

(Mama Naisiae: "Na mimi nina la kuuliza. Hiyo nyumba ya kiwandani, mafiga tunaweka wapi? Huku ni baridi, mzee, hatuwezi kukaa bila moto.")

Mama, nyumba ya moduli haina moshi, kwa sababu moshi haukuwekwa kwenye mchoro. ("Na baridi imewekwa?") Baridi ni suala mtambuka.

Ndugu wananchi, mnaweza kujiuliza, huyu Mratibu haya yote kayajuaje? Mwaka jana mimi na wajumbe sita wa Kamati tulisafiri nje ya nchi siku kumi na mbili kwa ajili ya kujengewa uwezo, na nataka mjue kwamba uwezo ule ulijengwa mchana na usiku, bila kupumzika, isipokuwa siku zile sita za kutembelea maduka. Nimeingia kwenye nyumba ya moduli kwa miguu yangu hii. Nimefungua bomba, maji yakatoka. Nimefunga bomba, maji yakaacha. Nimewasha taa, nikazima, nikawasha tena, mpaka mwenyeji wetu akaniomba niache. Picha ninayo. (Simu ilipitishwa mstari wa mbele. Ilimwonyesha Mheshimiwa akiwa amesimama mbele ya mlango. Mlango haukuonekana.) Mjumbe mmoja wa Kamati alilia kwa hisia. Tulimuuliza kwa nini, akasema ni viatu. Lakini machozi ni machozi, nayo tumeyaingiza kwenye ripoti kama matokeo ya awali.

Sasa nirudi kwa mama yetu, maana naona bado amesimama. Mpango huu, mama, una awamu. Awamu ya Kwanza ni Kuelewa, ndiyo hii ya leo. Awamu ya Pili ni Kueleweshana. Awamu ya Tatu ni Kupima Kiwango cha Uelewa. Ya Nne ni warsha ya kuwasilisha matokeo ya kipimo. Ya Tano ni kupitia maoni ya warsha. Ya Sita na ya Saba zinafanana lakini zina wajumbe tofauti. Ya Nane ni ziara nyingine ya mafunzo. Na nyumba yenyewe, mama, nyumba yako, imewekwa vizuri kabisa katika Awamu ya Tisa, ambayo itaelezwa kwa kina katika andiko litakaloandikwa na mtaalamu mwelekezi, ambaye tangazo la kumtafuta liko kwenye hatua za mwisho za kuanza kuandaliwa.

(Mlimani wingu lilikuwa limefika kwenye msitu wa misonobari.)

(Loishiye alisimama. "Shemeji, yale mabanzi yako yako wapi?" Nosim: "Yako pale pale kiwanjani, nimeyafunika kwa majani ya migomba." Loishiye: "Namba nilizoandika kwa mkaa wakati tunabomoa, bado zinasomeka?" Nosim: "Zote, isipokuwa ya mlango." Loishiye: "Mlango tunaujua ulivyo. Naisiae, kachukue nyundo kwangu, iko nyuma ya pipa. Jamani, twendeni." Aliondoka. Nosim alimfuata. Akina mama tisa waliwafuata, kisha vijana wa bodaboda wote, mmoja akisema, "Oya, hii ya huku ndiyo ina action.")

Naona wadau wameanza kuelekea eneo la mradi kwa hiari yao! Hii inaitwa umiliki wa jamii, na mara nyingi huwa haionekani mpaka mradi ufikishe miaka mitano. Afisa Kumbukumbu, andika: saa nane na dakika arobaini, umiliki umeonekana. (Kiwanja cha Nosim kiko hatua mia moja nyuma ya jukwaa. Mheshimiwa alikuwa amekipa mgongo. Waliobaki kwenye viti walikuwa wanakitazama.)

Sehemu ya nne ya hotuba yangu inahusu nguzo. Nyumba ya moduli, kama nilivyosema, haianzi kwa kelele. Inaanza kwa pembe nne. Pembe nne zikisimama wima, nusu ya kazi imekwisha. (Nguzo nne za mkaratusi zilisimamishwa kwenye mashimo yale yale ya zamani. Waliokaa kwenye viti walipiga makofi.) Ahsanteni. Sikutegemea sehemu ya nguzo ipendwe kiasi hiki. Huko wilayani watu walisinzia.

Kisha zinakuja kuta. Hapa ndipo namba zinapofanya maajabu, maana fundi wa moduli hakisii, anasoma. Anasema, niletee kumi na moja. Anasema, niletee kumi na mbili. (Sauti ya Loishiye kutoka nyuma: "Niletee kumi na nne! Siyo hiyo, hiyo ni ya jikoni, wewe hujui namba?" Mtu alijibu, "Najua namba, sijui mwandiko wako.") Mwangwi wa mlima unanirudia maneno yangu, ndugu wananchi. Hii ni ishara njema. Ukuta unasimama, mwingine unaupokea, na katika nchi zilizoendelea, hapa nanukuu takwimu ambazo sikuzibeba, wataalamu wenye mitambo huweza kusimamisha kuta zote nne kwa siku mbili tu! (Ukuta wa pili ulikuwa umepigwa misumari. Saa ilikuwa tisa na nusu.) Siku mbili! Mnatikisa vichwa. Hata mimi nilitikisa. Najua ni vigumu kuamini.

Naona nyuso zenu zinang'aa. Naona mnatabasamu, wengine mnanyanyuka vitini ili kunisikia vizuri zaidi. (Walikuwa wananyanyuka kuona mlango ukipachikwa.) Ndugu zangu, nimehutubia mikutano mingi katika utumishi wangu. Nimehutubia mkutano wa kuelewa visima, mkutano wa kuelewa soko, mkutano wa kuelewa sababu za kutohudhuria mikutano. Sijawahi kupata hadhira yenye hamasa namna hii, nami nawaahidi, kutokana na hamasa hiyo, nitaurudia ukurasa wa saba. (Ukurasa wa saba ulirudiwa. Viti ishirini na viwili vilibaki wazi wakati ukisomwa.)

Suala la paa. Paa, katika falsafa ya moduli...

(Loishiye alirudi uwanjani na vijana sita. "Mheshimiwa, shikamoo, samahani kukukatiza. Tuna shida na bati.")

Marahaba. Bati gani?

("Hayo." Alionyesha juu ya kichwa cha Mheshimiwa. Turubai la sherehe lilikuwa limesahaulika mjini, na Mzee Yoeli, kwa kuhofia mgeni rasmi asiungue jua, alikuwa ameagiza tangu asubuhi kivuli cha jukwaa kitengenezwe kwa mabati ya Nosim, kwa kuwa hayakuwa na kazi. Yalikuwa kumi na mawili. Sita yalibaki kiwanjani.)

(Mzee Yoeli: "Loishiye, subiri kwanza. Huyu ni mgeni wa serikali, huwezi kumvua kivuli mbele ya watu. Ataungua jua." Mama Naisiae, akiwa na kitenge kimefungwa kiunoni na misumari mdomoni: "Jua liko wapi, Mzee Yoeli? Hebu tazama juu.")

(Mzee Yoeli alitazama juu.)

Hapana, hapana, Mwenyekiti, waacheni wachukue! Mimi ni kiongozi ninayeguswa na uhitaji. Tena nieleweke: hiki mnachokiona siyo kupungukiwa kivuli, bali ni uhamishaji wa rasilimali kutoka eneo lenye ziada kwenda eneo lenye upungufu, jambo ambalo Mpango wetu umelitamka bayana kwenye ukurasa wa kumi na tisa. Toeni moja. (Lilitolewa moja.) Toeni na la pili. (Yalitolewa manne.) Naomba tu mniachie upande huu wa karatasi. (Meza ilisogezwa kushoto. Yalitolewa mengine matatu. Meza ilisogezwa tena, mguu mmoja ukawa nje ya jukwaa. Najim aliushikilia.) Kama nilivyokuwa nasema, paa katika falsafa ya moduli huja mwisho, na watu wengi hulichukulia paa kama jambo dogo mpaka siku wanapo... (Yalitolewa matatu.) ...mpaka siku wanapolifikiria.

Limebaki moja? Sawa. Moja linatosha. Mtu mmoja, bati moja. Hiyo ndiyo hesabu ya uongozi.

Nimeletewa ujumbe kwamba niharakishe. (Ujumbe ulikuwa: "Mheshimiwa, barabara ikilowana hatushuki leo. Najim.") Basi naziruka sehemu ya saba hadi ya kumi, ambazo zilikuwa na majibu ya maswali yenu yote, na nakwenda kwenye kaulimbiu. Nikisema "Moduli!", ninyi nyote mtasema "Tumeelewa!" Moduli! (Najim: "Tumeelewa.") Sijawasikia upande wa kulia. Moduli! (Upande wa kulia palikuwa na viti.) Nyumba kwanza? Mnajibu, "Uelewa kwanza!" Jembe na nyundo? Mnajibu, "Na kabrasha!" Paa juu? ("Shika hapo hapo, usiachie!" ilisikika kutoka kiwanjani.) Ahsanteni! Ahsanteni sana! Olmotonyi mmeonyesha njia!

Mwisho kabisa, na hili nalisema kutoka moyoni, ninalo deni la shukrani. Namshukuru Bi Faudhia kwa kalamu yake. Nawashukuru wajumbe sita wa Kamati, ambao wangependa kuwa hapa lakini wako Awamu ya Nane. Nawashukuru wazee wa mila kwa ukimya wao. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru Mwenyekiti wenu, Mzee Yoeli, mtu mwadilifu, mtu wa maandishi mazuri, na nataka niwaambie kisa chake ili kiwe fundisho kwa wenyeviti wengine. Ile barua aliyoipata Mama Nosim, ndugu wananchi, haikuwa barua. Ilikuwa Kielelezo Namba Nne katika kabrasha la mafunzo tulilolituma kwa vitongoji vyote, kikionyesha namna barua kama ile ingeandikwa endapo siku moja ingetokea sababu ya kuiandika. Pale kwenye vidoti, palipoandikwa "jina la mnufaika", palipaswa kubaki vidoti. Vitongoji vingine vyote viliacha vidoti. Lakini Mzee Yoeli, kwa malezi aliyopata, hawezi kuona fomu ina nafasi wazi akailaza hivyo hivyo. Aliitisha kikao, wakajadili nani nyumba yake inavuja kuliko wote, wakakubaliana kwa kauli moja, na akajaza jina kwa mwandiko ambao tulipouona ofisini tuliupitisha mkono kwa mkono. Huo ndio uzalendo!

(Mzee Yoeli alikuwa amesimama. "Mheshimiwa. Ile barua ilikuwa na muhuri.")

Muhuri nao ulikuwa wa mfano, mzee wangu.

("Na ile namba ya simu chini?")

Mfano.

("Mimi nilimpelekea kwa mkono wangu. Nilimwambia, mama, bomoa, serikali imekukumbuka.")

Na ulisema vizuri sana. Maana hata Mpango wenyewe, tukizungumza kama watu wa nyumba moja, hauna kiwanda, hauna lori, hauna fundi wala nyumba, na haujawahi kusajiliwa popote. MPANYUMO ni jina ambalo mimi na wajumbe sita tulilihitaji siku ya mwisho ya kujaza fomu ya safari, kwa sababu fomu ilikuwa na kisanduku kinachosema "jina la mradi", na sisi pia, kama Mzee Yoeli, hatukupenda kukiacha wazi. Kwa hiyo nawashukuru ninyi wananchi, kwa niaba ya mradi ambao haupo, kwa kuupokea kama upo, na kwa kuuthibitishia ulimwengu kwamba uelewa hauhitaji nyumba. Mungu awabariki. Naomba kuwasilisha.

(Hapakuwa na makofi. Mzee Yoeli alivua koti lake la mwenyekiti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti cha mgeni rasmi. Akapanda juu ya meza, akang'oa bati la mwisho, akalitia begani na kuondoka nalo kuelekea kiwanjani. Hakuaga.)

(Gari la Mheshimiwa liliteremka saa kumi na dakika arobaini. Mvua ilianza saa kumi na moja kasoro dakika tano. Nosim na wajukuu wake walikuwa ndani.)